Sukari Chini ya Plasta

Kwaru. Kwaru-kwaru. Halafu kimya.

Umeme ulikuwa umekatika kabla sufuria ya jioni haijachemka, na Mama Sisimizi alikuwa akipapasa kiberiti juu ya kabati la jikoni, ndipo aliposikia mtu anatafuna sukari. Hakuhitaji kuambiwa kwamba ni sukari. Anayeshinda kutwa katika kiwanda cha peremende huijua sauti ya chembe inapovunjika, kama mama anavyokijua kikohozi cha mwanawe katikati ya darasa zima.

“Sisimizi,” aliita, “toa mkono kwenye kopo.”

Binti yake, ambaye hajafika umri wa shule na aliyepewa jina hilo kwa kuwa penye utamu hakosi kukutwa, alijibu kutoka gizani, karibu kabisa na magoti yake, kwamba mkono mmoja umeshika sketi ya mama na wa pili umeshika ule wa kwanza. Na kweli, sketi ilikuwa ikivutwa.

Kwaru-kwaru. Sauti ilitoka chumbani kwa Bibi.

Bibi huyo alikuwa mama mzazi wa mume wake. Enzi zake alikuwa fundi cherehani wa kutajwa mtaa mzima, mpaka uti wa mgongo ulipoanza kulika na maumivu yakamlaza. Mume mwenyewe alikuwa dereva wa lori la masafa. Nyumbani alikuja kama mvua ya kiangazi, akaondoka kabla nguo zake hazijakauka kwenye kamba. Basi nyumba ilikuwa ya wanawake watatu: mmoja anachemsha sukari mchana na kwenda masomo ya jioni, mmoja anaidokoa, na mmoja analala ubavu akitazama ukuta.

Mama Sisimizi aliwasha mshumaa akaingia. Bibi alikuwa peke yake kitandani. Meno yake ya bandia yalikuwa ndani ya glasi ya maji, juu ya kiti, yanacheka yenyewe. Mtu asiye na meno mdomoni hatafuni sukari. Mama Sisimizi alibaki amesimama pale, na Bibi alipogeuza bega kidogo ili aone mwanga, sauti ikaja tena. Kwaru.

“Umemsikia na wewe?” Bibi aliuliza. Maneno yalitoka laini, kama yamelowekwa. “Afadhali. Nilidhani ni mimi tu.”

“Nani, Mama?”

“Marehemu. Amekuja kunichukua.”

Akaeleza bila hofu, kama mtu anayeeleza habari za mgeni aliyechelewa njiani. Mumewe, aliyefariki kabla Sisimizi hajazaliwa, alikuwa na tabia ya kupanda kitandani na donge la sukari shavuni, akilitafuna polepole gizani mpaka usingizi umkute. Walikuwa wakigombana kwa ajili hiyo miaka nenda rudi. Bibi alimwonya kwamba meno yataoza; matokeo yake, alisema, mwenyewe alitangulia kuoza meno yakiwa mazima. Tangu siku ya mazishi, sukari ya donge haikuingia tena ndani ya nyumba ile. Na sasa, kila akijigeuza, anamsikia yuko nyuma ya bega lake, anatafuna.

Mama Sisimizi alicheka kidogo, kicheko cha kufunika kombe. Lakini usiku ule alimhamishia mtoto kitandani kwake.

Jambo lililomtisha kuliko sauti ni kwamba maumivu ya Bibi yalikuwa yamerudi. Kliniki walikuwa wamempa plasta za dawa, zile nyembamba zinazopitisha mwanga, zinazobandikwa begani na kukaa siku kadhaa, dawa ikiingia mwilini taratibu kupitia ngozi. Mwanzoni zilikuwa kama muujiza. Bibi alikaa, akaomba cherehani isogezwe, akaanza kumshonea mjukuu gauni la manjano. Gauni lilifika mkono mmoja tu. Wa pili ulipokuwa bado kitambaa, maumivu yalirejea kama mdai aliyekumbuka mlango, na Bibi akarudi kutazama ukuta.

Walipokwenda kliniki, muuguzi aliuliza yote ya kuuliza, akawapa plasta kubwa zaidi, za nguvu zaidi. Bibi alijibu kila swali ila habari za sauti hakuzitamka. Njiani Mama Sisimizi alimkumbusha kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

“Sifichi maradhi, mwanangu,” Bibi alisema. “Nimemficha mgeni. Mgeni hatangazwi.”

Plasta kubwa nayo haikusaidia. Siku ya kwanza kidogo, ya pili hakuna. Na mtafunaji aliongeza kasi. Sasa alisikika hata mchana, hata redio ikiwa imefunguliwa. Bibi akaanza kupanga mambo yake. Alitaka nguo yake nyeupe ipigwe pasi na itundikwe mahali anapoiona. Alimkabidhi Mama Sisimizi mkasi wake mkubwa, ule ambao hata mwanawe wa kumzaa hakuruhusiwa kuugusa. Mama Sisimizi aliupokea kwa mikono miwili, akaenda nao jikoni, akakaa nao mapajani bila kujua auweke wapi. Mama yake mwenyewe alimpoteza akiwa mdogo. Huyu ndiye aliyemfundisha kumkanda mtoto tumbo, ndiye aliyemwambia arudi darasani akiwa na mtoto mgongoni, ndiye aliyempokea mtoto huyo kila jioni ili aende. Hakuwa tayari kumtoa. Si kwa marehemu, si kwa yeyote.

Jumapili moja mchana alimpeleka Sisimizi kwa jirani akacheze, akarudi kumwogesha Bibi. Kwa kawaida chumba kile kilikuwa na mapazia mazito, maana mwanga ulimuumiza Bibi macho. Siku ile aliyafungua ili aone vizuri anachokipangusa. Jua likaingia, likatua begani kwa Bibi, na Mama Sisimizi akaganda na kitambaa mkononi.

Chini ya plasta kulikuwa na maua.

Yalikuwa meupe, membamba mno, yameota kutoka vitovu vyao kama nyota zinazochipua miiba. Mwiba juu ya mwiba, yamesambaa kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule. Yalionekana kama kitu kilicho hai kilichotandaza mizizi juu ya ngozi ya mtu aliyelala. Aliinama zaidi, na angeapa kwamba wakati anatazama, mwiba mmoja uliongezeka urefu. Akaugusa kwa ukucha. Kwaru.

Alikaa kitandani, akaanza kucheka, safari hii kicheko chenyewe hasa, mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa ameyaona maua yale. Ameyaona mara ngapi, na kukaripiwa kwa ajili yake mara ngapi!

Kule kiwandani, sukari huchemshwa na maji machache mpaka ipotee yote na kuwa shira nzito iliyo wazi kama kioo. Fundi wao mkuu, waliyempa jina la Kipimajoto kwa kuwa hutaja joto la shira kwa kuitazama, ana sheria moja kuliko zote: ukingo wa sufuria upanguswe kwa brashi yenye maji, isibaki hata punje moja kavu. Chembe ikidondoka ndani, shira yote hugeuka mchanga mweupe mbele ya macho yako. “Sukari iliyoyeyuka haijasahau kwamba ni sukari,” husema Kipimajoto. “Inangoja mtu wa kuikumbusha.”

Basi na dawa hii, aliwaza, imeyeyushwa ndani ya gundi ya plasta kupita kiasi, ikakumbushwa na kitu. Imeganda mchanga. Na ngozi haina meno ya kutafuna chembe. Ngozi inakunywa tu. Ndiyo maana Bibi anaumwa huku amebeba dawa yake begani.

“Mama,” alisema, “plasta zako huwa unaziweka wapi?”

Bibi alinyoosha kidole kwenye kopo lake la sindano. Ndani yake, kati ya chaki ya fundi, nyuzi na vumbi la vitambaa, plasta zote zilizobaki zilikuwa zimepangwa, kila moja imeshatolewa kwenye pakiti yake, na kona ya karatasi ya nyuma imebanduliwa kidogo ili isisumbue kushikwa. Bibi alieleza kwamba alikuwa akifanya hivyo tangu plasta za kwanza zilipoletwa, siku zile anaweza kukaa. Fundi hakati kitambaa mteja akiwa ameshasimama mlangoni, hukata mapema. Maumivu yakibisha hodi, vidole vyake havina nguvu ya kuchana pakiti, na mkwe wake ana haraka ya kwenda darasani. Mama Sisimizi alikumbuka jinsi alivyokuwa akishukuru kupewa plasta iliyo tayari. Ziliponyooshwa kwenye jua, zote zilikuwa na maua.

“Kwa hiyo si yeye,” Bibi alisema. Sauti yake ilikuwa na unafuu na kitu kingine kilichofanana na huzuni.

“Si yeye, Mama. Ni vumbi.”

Hapo angefunga mlango akaenda duka la dawa la pale kona, mambo yangeishia hapo. Lakini furaha nayo ni kilevi. Shira ikiganda mchanga, haitupwi. Hurudishwa motoni ikayeyuka upya. Hilo alilijua kwa mikono yake, na darasani wiki ile ile walikuwa wamesoma jinsi joto linavyoyeyusha. Kila kitu kilikaa mahali pake, kama mkono wa gauni unaoingia kwenye bega lake. Alichemsha maji, akajaza mfuko wa mpira, akaufunga taulo, akaulaza juu ya plasta begani kwa mama mkwe wake.

Baada ya muda aliuinua. Maua yalikuwa yameanza kufifia ncha. Akabadilisha maji, akaurudisha. Alipouinua tena, plasta ilikuwa imebaki wazi kama kioo cha dirisha, na ngozi chini yake imeiva wekundu. Bibi alijigeuza huku na huku. Hakuna sauti.

“Amenyamaza,” Bibi alisema, na uso wake ukakunjuka kama nguo iliyopigwa pasi. Maumivu yalikuwa yakiondoka, alisema, yanashuka ngazi moja moja kama mtu aliyevaa viatu vizito. Aliomba mfuko ubaki pale pale. Mama Sisimizi akauacha, akamfunika, akaenda jikoni kufungua kitabu chake. Alikuwa na raha ya mtu aliyeishinda vita bila kumwambia jirani.

Alisoma ukurasa mmoja, akausoma tena. Kitu kilikuwa kinamsumbua na hakujua ni nini. Nyumba ilikuwa imetulia. Mtafunaji hayupo. Mkoromo wa Bibi pia haupo, ule mkoromo mwembamba kama cherehani inayoendeshwa polepole. Kimya kingi kina mshindo mkuu; hiki hakikuwa na hata upepo. Alinyanyuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

Bibi alikuwa anatabasamu amefumba macho. Midomo yake imepauka na kuwa na rangi ya jivu. Kifua kilipanda, kikashuka, kikakaa. Mama Sisimizi alisubiri kipande tena. Alisubiri mpaka yeye mwenyewe akahitaji pumzi. Ndipo kikapanda, kwa uvivu, kama kimesahau kazi yake na kukumbushwa.

Aliutupa mfuko sakafuni, akapiga simu duka la dawa la kona. Mfamasia pale ni dada mmoja mchangamfu ambaye mtaa mzima humwita Shangazi Dozi. Hakuchangamka alipoelezwa. Alimwambia abandue plasta sasa hivi, apanguse pale mahali kwa maji baridi, amwamshe na asimruhusu kusinzia, na kila anaposahau kuvuta pumzi amwamrishe avute. Yeye anakuja na gari.

“Nimeshaibandua,” Mama Sisimizi alisema, “imeisha, si ndiyo?”

“Hapana, dada. Dawa uliyoiyeyusha yote imeingia chini ya ngozi kwa mkupuo. Ngozi imejiwekea akiba, itaendelea kumpa. Mzungumzishe. Usimwache peke yake kabisa.”

Alimwita. Alimtikisa. Alimkalisha na kumwegemeza kifuani pake kama anavyomwegemeza Sisimizi mwenye homa. Bibi alifumbua macho, na mboni zake zilikuwa zimesinyaa kama tundu la sindano. Hakumtazama yeye. Alitazama kiti kilichokuwa miguuni pa kitanda, kiti kitupu, jua la mchana likikipiga waziwazi.

“Umekaa vizuri?” Bibi alikiuliza.

“Mama, vuta pumzi.”

“Anasema nimechoka,” Bibi alinong'ona. “Kweli nimechoka.”

Macho yakafumba tena. Kifua kikakaa. Mama Sisimizi alimwamrisha, akambembeleza, akamwita mama yangu, mama yangu mzazi, na maneno yote hayo yalimteleza Bibi kama maji kwenye mafuta. Machozi yakimshuka, akatazama chumba chote akitafuta chochote cha kushika, akaliona gauni la manjano kwenye cherehani, na mkono wake mmoja. Akapiga moyo konde. Aliikaza sauti yake ikawa kavu.

“Sawa, nenda. Gauni la mtoto nitalimalizia mimi. Nina uzi mweusi, utatosha.”

Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu kope moja ikatikisika.

“Uzi mweusi,” Bibi alisema kutoka mbali sana, “kwenye kitambaa cha manjano.”

“Na pindo nitalibandika kwa gundi. Nani ataangalia?”

“Mkono wako kama mwiko.” Kifua kilipanda. “Utaliharibu.”

“Nitaliharibu, ndiyo. Mkono utakuwa mfupi, na watu watauliza ni fundi gani huyo, na nitawatajia jina lako.”

Bibi alivuta pumzi ndefu ya hasira, ya kwanza kamili tangu mchana ule, akayafumbua macho yote mawili. Lakini alipozungumza, hakuzungumza na mkwe wake.

“Umemsikia mke wa mwanao?” alikiambia kile kiti. “Nipe nafasi nimalize huo mkono.”

Wakaendelea hivyo, mmoja akitukana na mwingine akijibu pumzi kwa pumzi, mpaka Shangazi Dozi alipoingia bila kubisha na, akisaidiwa na dereva aliyekuja naye, kumbeba Bibi. Hospitali walimtundikia dripu yenye dawa ya kupinga ile ya kwanza, wakamkesha. Mfamasia alibaki na Mama Sisimizi kwenye benchi la ukumbini. Alimweleza kwamba alichokiona kinaitwa fuwele, na kwamba kuhusu mchanga alikuwa sahihi. Kuhusu moto ndipo alipokosea, kwa kuwa sufuria haina damu na bega linayo, na joto huifungua ngozi kama mlango. Hakumkaripia. Alimwambia darasa lake la jioni lisiishie pale, maana angependa kuwa na msaidizi anayejua kutazama. Mama Sisimizi alilia kwa yote mawili, kosa na lile neno jema, bila kujua machozi yapi ni ya lipi.

Bibi alirudi nyumbani na plasta mpya, zilizofungwa kwenye pakiti zao, na kazi ya kuzichana ikawa ya mkwe. Kila jioni kabla ya darasa, Mama Sisimizi alifungua pazia akalikagua bega kwenye mwanga. Safi, kama kioo. Maumivu yalikaa kwenye kona yake kama mbwa aliyefungwa, na Bibi akakaa tena kwenye cherehani. Alishona mkono wa gauni. Kesho yake akaufumua, akisema haujakaa sawa. Akashona tena, akafumua tena. Mama Sisimizi aliutazama mshono ule. Ulikuwa umenyooka kama ukingo wa rula. Alikumbuka Bibi alikiomba nini kile kiti. Alikwenda dukani akaongeza uzi wa manjano.

Sisimizi hakuambiwa lolote. Siku ile alikuwa kwa jirani mpaka jioni, na alichojua ni kwamba Bibi aliugua, akapona.

Halafu umeme ukakatika tena, mapema, wakati wote watatu wako chumbani kwa Bibi. Cherehani ilinyamaza. Giza likaingia lote kwa pamoja, na ndani yake, kwa utulivu, mtu akaanza kutafuna.

Kwaru. Kwaru-kwaru.

Mkono wa Mama Sisimizi ulimtangulia. Ulilipata bega la Bibi, ukapapasa plasta. Ilikuwa laini, haina hata punje. Bibi naye alikuwa amekaa kimya, hata hajajigeuza. Mama Sisimizi akawasha kiberiti; njiti ya tatu ndiyo iliyowaka.

Sisimizi alikuwa amekaa sakafuni, miguuni pa kitanda, amekielekea kile kiti kitupu. Shavu lake moja lilikuwa limevimba, na kwenye kiganja chake kulikuwa na kipande kilichobaki cha sukari ya donge, cheupe, kimetafunwa kona. Aliwatazama mama yake na bibi yake, mmoja baada ya mwingine, jinsi walivyokuwa wakimtazama. Akameza kwanza, kama alivyofundishwa, kabla ya kusema.

“Babu amesema atangoja.”